A/T au M/T: matairi ya kuingia nayo nyika za Australia

Nimekulia Usukumani, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua zikikolea kule, gari halikwamishwi na shimo. Linakwamishwa na tairi lenyewe, ambalo limejivika tope hadi huoni jino hata moja, limekuwa laini kama mtungi. Dereva wa kule anajifunza mapema kutazama kashata za tairi, yale mapande ya mpira yanayokanyaga ardhi, kabla hajaulizia injini. Ndiyo maana nilipohamia Alice Springs, katikati ya Australia, na kununua Hilux ya mkononi, kitu cha kwanza kubadilisha kilikuwa matairi. Niliyatoa yale lililokuja nayo, nikafunga M/T, yale ya tope, yenye kashata nene kama matofali. Nilijiona nimejikinga, kumbe nimejikinga na adui niliyemwacha Shinyanga.

Tangu hapo nimemaliza seti moja ya M/T na seti mbili za A/T, yale ya njia zote, kwenye barabara zilezile. Kila mwaka karibia mwezi wa tano, baridi ya huku ikianza na joto la jangwa likipungua, ndugu zetu wa Adelaide, Brisbane na Perth hunipigia simu. Wengi walitokea Kongo na Burundi, wamekaa mjini miaka, sasa wana gari la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na watoto wanataka kuiona nchi. Swali ni moja: kaka, tufunge yapi? Kwa watu tisa kati ya kumi jibu langu ni A/T, ila si A/T yoyote. Yule wa kumi nitamfikia.

Yanavyotofautiana

A/T ni tairi la njia zote. Kashata zake zimekaribiana, na uwazi uliopo kati yake ni kama theluthi ya uso wa tairi, mara nyingine pungufu. Kila kashata imechanjwa chale nyembamba, na chale hizo ndizo zinazoshika lami ikilowa. M/T ni tairi la tope. Kashata zake ni kubwa, chache, zimeachana, uwazi unakaribia nusu ya uso mzima, na meno yanateremka mpaka mbavuni.

Uwazi ule una kazi moja kubwa. Tairi likizunguka kwa nguvu hutema tope nje, meno yakabaki wazi, na mzunguko unaofuata yakauma tena. A/T ikiingia kwenye mfinyanzi mzito, nafasi zake hujaa na kinachoingia hakitoki. Hapo hata uwe na gari la thamani gani, unateleza tu. Ubishi huu ni wa zamani: BFGoodrich walitoa tairi lao la A/T mwaka 1976, wakaleta la M/T mwaka 1980, na tangu hapo madereva wamegawanyika makundi mawili.

Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize: huko ninakokwenda kuna tope kiasi gani?

Hesabu ya kilomita

Chukua safari ya kawaida kabisa ya huku. Kutoka Alice Springs unashuka kusini kwa barabara kuu ya Stuart hadi Marla, kama kilomita 450, lami tupu. Pale Marla unakata kushoto kuingia Oodnadatta Track, kilomita 620 hivi za changarawe, mchanga na mawe, ukipita William Creek na ukingo wa ziwa kubwa la chumvi la Kati Thanda, mpaka unatokea Marree. Ukifika Marree unaweza kurudi kwenye lami kwa njia ya kusini, au ukaendelea kaskazini kwa Birdsville Track hadi mji wa Birdsville, kilomita 517 nyingine.

Katika njia hiyo yote, msimu usio na mvua, tope ni sifuri. Nimepita mara nyingi bila kuona hata dimbwi. Unachokutana nacho ni lami ya saa nyingi, halafu vijituta vilivyojipanga kama mikunjo ya bati la paa, vinavyotikisa gari mpaka skrubu za dashibodi zinalegea, halafu mawe. Ukivuka jangwa la mawe la Sturt kwenye Birdsville Track, ardhi imefunikwa vijiwe vyekundu vilivyosuguliwa na upepo vikang'aa, mpaka upeo wa macho. Vilivyolala jangwani ni vya mviringo, havina ubaya. Tatizo ni vile vilivyopasuliwa na greda na kusukumwa barabarani. Hivyo vina makali ya jiwe la kuchongea.

Mvua ikinyesha kweli, barabara hizi hufungwa. Bango la pale Marree huonyesha njia ipi iko wazi na ipi imefungwa, na kuendesha kwenye njia iliyofungwa ni kosa lenye faini, uwe na M/T au usiwe nayo. Sababu inaeleweka: gari moja likipita kwenye udongo uliolowa linaacha mifereji inayokauka ikawa migumu kama saruji, na watu wa ranchi ndio wanaoishi nayo hadi greda lije. Mafuriko ya Machi 2025 magharibi mwa Queensland yaliponikuta karibu na njia zilizokatika, kazi ilikuwa moja tu, kusubiri. Hakuna tairi linalovuka mto uliotanda kilomita nyingi.

Hapo ndipo hoja kubwa ya M/T inapopungua nguvu kwa msafiri wa kawaida. Unabeba tairi zito zaidi, lenye kelele, linalokula mafuta zaidi na kwa kawaida bei yake ni ya juu, safari nzima, kwa ajili ya siku ambayo sheria yenyewe itakuzuia kusafiri.

Mbavu

Watu wa M/T wana hoja ya pili, na hii ni nzito kuliko ya tope: ubavu wake ni mgumu, hauchaniki ovyo. Ni kweli, ila si kwa sababu ni M/T. Ni kwa sababu karibu kila M/T imejengwa kwa muundo wa LT, yaani wa malori mepesi: tabaka nyingi zaidi, mpira mnene, kashata zenye kina. Wakati A/T zinauzwa za aina mbili, LT na za magari madogo ya abiria, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Anayechanikiwa A/T ya abiria kwenye mawe hurudi mjini akisema A/T hazifai.

Soma maandishi ya ubavuni. Tairi la Hilux la inchi 17 likiandikwa LT265/65R17 120/117, ile 120 ni kipimo cha uzito: tairi moja linabeba hadi kilo 1,400. Lile la abiria la ukubwa uleule likiandikwa 265/65R17 112, linabeba kilo 1,120. Gari lenye tangi la maji, mafuta ya akiba, hema la juu na watu watano halitaki kukaribia kikomo hicho kwenye joto la nyuzi 40. Na kisheria huku huruhusiwi kufunga tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Herufi inayofuata namba hizo ni ya mwendo wa juu kabisa wa tairi: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. M/T nyingi huishia Q, na kwa safari hizi hata Q inatosha.

Tazama pia namba nne za mwisho za ule mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimewahi kuuziwa mjini tairi "jipya" lililokaa stoo miaka sita. Mpira unazeeka hata ukiwa kivulini, na jangwa linamalizia kazi.

Kwa hiyo mimi nasema mpangilio wa maamuzi uanze hivi: LT au si LT. Halafu ukubwa unaopatikana kwenye vituo vya mafuta vya njiani. Inchi 16 na 17 ni rahisi kupata kuliko 20 za magari ya kifahari, ambazo pia ubavu wake ni mwembamba mno kwa mawe. Swali la A/T au M/T lifuate baada ya hapo.

Upepo, ambao ndio unaoamua

Safari yangu ya pili kwenye Oodnadatta Track, nikiwa na zile M/T, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, joto limeshapanda. Nilitoka kwenye lami pale Marla na psi 40 (psi ni kipimo cha upepo) kila tairi, sikusimama kupunguza, nikaendelea na kilomita 100 kwa saa kwa sababu gari lilikuwa limetulia. Kati ya William Creek na Marree nikasikia mlio kama wa maji yanayomwagwa kwenye kikaango cha moto. Niliposhuka, tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechanika ubavuni, mkato safi wa urefu wa kidole cha kati, nyuzi nyeupe zimechungulia. Niliweka kiganja kwenye mpira, nikakitoa mara moja kwa moto wake. Hilo lilikuwa M/T la LT, tabaka tatu ubavuni, umri wa miezi minne.

Tairi lililojaa upepo mwingi ni gumu kama ngoma iliyowambwa; jiwe likiligusa halina pa kubonyea, linakata. Ukipunguza upepo, tairi linalikumbatia jiwe na kulipita. Lakini ukipunguza halafu ukakimbia, ubavu unajikunja mamia ya mara kila kilomita, unachemka kwa ndani, na tairi linapasuka hata bila jiwe. Kwa hiyo upepo na mwendo ni ndoa, hukibadilishi kimoja ukaacha kingine.

Kwa Hilux au Land Cruiser iliyopakiwa kiasi, mimi natumia psi 38 hadi 40 kwenye lami. Kwenye changarawe na mikunjo nashusha hadi 28, na mwendo hauzidi 80. Kwenye mchanga mlaini ni 16 hadi 18, na 40 kwa saa inatosha. Gari zito zaidi linaongeza kidogo kila mahali. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama umepatia: pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Tairi la LT likipanda kwa psi 6 hivi, uko sawa. Likipanda zaidi ya hapo linajikunja mno, hivyo ongeza upepo, au punguza mwendo, au punguza mzigo. Likipanda kidogo tu, upepo ni mwingi, shusha. Na tafadhali usifungulie upepo tairi la moto kwa sababu tu geji imepanda. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo kando ya barabara. Wanalifanya lijikunje zaidi, likachemka zaidi, na hawafiki mbali.

Miaka miwili baadaye nilipita njia ileile na A/T za LT, psi 28, mwendo 80, kutoka Marla hadi Marree na kurudi. Sikuziba pancha hata moja. Siwezi kusema sifa zote ni za A/T. Nasema tu kwamba tairi la bei kubwa lenye upepo usio wake lilinitupa jangwani, na la bei nafuu lililotunzwa likanirudisha nyumbani.

Mchangani

Wengi hudhani meno makubwa yanasaidia kwenye mchanga. Ni kinyume. Mchanga unataka tairi lielee, na meno ya M/T yanachimba. Ukikanyaga mafuta kwa hasira, unajizika hadi ekseli. Jangwa la mchanga la Simpson Desert lina matuta zaidi ya 1,100 yaliyolala sambamba, na lile la mwisho upande wa Birdsville, Big Red, lina kimo cha mita 40 hivi. Nimeliona likipandwa na A/T za kawaida kabisa kwa psi 14 na likawagomea watu wa M/T waliokuja na 25. Wakishusha, nao wanapanda. Hapa tairi ni suala dogo, upepo ndio kila kitu. Usisahau bendera ndefu juu ya gari, aliye upande wa pili wa tuta hakuoni, na kumbuka kwamba hifadhi ya jangwa lile hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 kwa ajili ya joto.

Breki kwenye lami

Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu wenye watoto kwenye gari hawaliulizi. Hatari kubwa ya nyika si kukwama, ni lami jioni. Kangaruu hutoka gizani bila taarifa, ng'ombe wa ranchi hulala barabarani kwa sababu kuna joto, na mbele yako kuna lori la trela tatu au nne lenye urefu wa hadi mita 53.5. Kwenye lami iliyolowa, tairi la M/T lenye kashata chache zisizo na chale linachukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko A/T nzuri, na kwenye kona linateleza mapema. Nililihisi mwenyewe mvua ya kwanza ya Novemba nje kidogo ya Alice Springs: nilikanyaga breki, gari likaendelea kutembea pale ambapo nilizoea lisimame.

Kelele ni jambo dogo ukilinganisha, ila kilomita 1,500 za kutoka Alice Springs hadi Darwin na mvumo ule masikioni zinachosha, na dereva aliyechoka hamwoni kangaruu.

Yule wa kumi

Kuna watu ambao ningewaambia wafunge M/T bila kusita. Wa kwanza ni anayekwenda Cape York, ncha ya kaskazini ya Queensland, mapema, njia zikiwa zimefunguliwa karibuni tu baada ya mvua, na anataka kupita Old Telegraph Track. Kule kingo za vijito kama Palm na Gunshot ni udongo ulioloa, mwinamo mkali, magari yaliyotangulia yameshachimba mifereji yenye kina kuzidi tairi. A/T inafika pale ikawa kipara ndani ya sekunde kumi. Wa pili ni anayefanya kazi ranchi kwenye udongo mweusi wa magharibi mwa Queensland, ambaye ng'ombe wake hawasubiri bango lifunguliwe. Udongo ule, mara ya kwanza kuukanyaga nilisimama nikacheka peke yangu kwa furaha: ni mbuga ileile ya nyumbani, unanata kwenye viatu vilevile kilo mbili mbili. Na wa tatu ni anayependa kupanda miamba taratibu kwa gia nzito, ambapo meno ya mbavuni yanashika kwenye nyufa na kulinda mpira usisagike.

Kwa msingi huohuo, dereva wa watalii anayeingia magharibi mwa Serengeti wakati wa mvua ana haki yote ya kufunga M/T kwenye Land Cruiser yake, na nisingemshauri anifuate mimi wa Alice Springs. Ardhi yake inamwambia vingine.

Katikati ya hizi mbili sasa kuna matairi yanayoitwa R/T, mabega ya M/T na katikati ya A/T. Yanafaa kwa anayetoka kila wiki, sehemu ya lami na sehemu ya njia mbaya, na anaweza kuvumilia kelele kiasi. Kwa safari moja ya familia kwa mwaka, sioni haja.

Ukiwa na bajeti moja

Nunua A/T nne za LT. Ile tofauti ya bei iliyobaki, weka kwenye pampu ya upepo inayofungwa kwenye betri, geji ya kweli, na vifaa vya kuziba pancha. Kumbuka vile vijiti vya mpira vinaziba tundu la usoni tu. Ubavu uliochanika hauzibwi kwa kutembelea, unaishia hapo. Kwa hiyo kwa njia kama Birdsville, Tanami au Gibb River Road beba spea mbili. Ya pili inaweza kuwa tairi tupu bila ringi kama unajua kulivua na kulivalisha kwa mkono, na kama hujui, fanya mazoezi nyumbani kabla, kwa sababu kulivua tairi uwani si sawa na kulivua juani huku nzi wamejaa machoni.

Swali linalokuja kila mara mwishoni: naweza kufunga M/T nyuma na A/T mbele, nipate faida zote? Hapana. Kipenyo chake hakilingani sawasawa hata maandishi yakifanana, na ukiingiza fowili kwenye ardhi inayoshika, tofauti hiyo yote inabebwa na gia. Kwenye lami iliyolowa nayo, mbele inashika na nyuma inateleza. Matairi manne yawe ya aina moja, ukubwa mmoja, umri unaokaribiana, na spea iwe ileile. Ibadilishe nafasi na mengine kila kilomita 10,000, ili siku ya kuitoa isiwe ngeni kwa wenzake.